Shahidi wa Miaka Mitano

Mpelelezi Kayla Dostal alifika kwa Lumir Vondra siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, wiki ya tatu ya Kwaresima, akamkuta mzee amelala chali chini ya mashine ya kupandia, miguu tu ndiyo inaonekana. Akasubiri. Huku kwetu Milada mtu hamwiti mwenzake atoke chini ya mashine, humwacha amalize boliti yake. Lumir alikwisha kuviona viatu vya polisi, naye akazidi kukaza ile boliti ingawa ilikuwa imekaza zamani, maana tangu mwaka 1987 viatu vya polisi havijawahi kumletea la heri.

"Mzee Lumir," Kayla akasema hatimaye, "tumemkamata."

Spana ikanyamaza.

"Aliyemuua mkeo. Ni Gaylen Riha. Yuko ndani tangu jana mchana."

Mtu aliyesubiri neno kama hilo miaka thelathini na sita, ungedhani siku likija atalia, au atatukana, au atapiga magoti hapo hapo gerejini. Lumir alijikokota kutoka chini ya mashine, akakaa sakafuni, akajifuta grisi mikononi kidole kwa kidole. Swali lake la kwanza halikuwa la Gaylen wala la marehemu.

"Janelle mmemwambia?"

"Nilimpigia mwenyewe jana, kabla redio haijaipata habari."

"Akasemaje?"

Kayla akaviangalia vile viatu vyake. "Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akakata simu."

"Basi?"

"Basi."

"Hukumpigia tena?"

"Nimempigia mara tatu, mzee wangu. Hapokei."

Lumir akatikisa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya mbolea. Alikuwa na miaka sabini na mbili, shamba la mahindi na soya alilorithi kwa baba yake, goti moja la bandia, na haja moja tu hapa duniani, nayo ni kwamba mtoto wake arudi. Haki ilikuwa nzuri, alishukuru kuipata, lakini haki aliitaka kwa ajili ya hilo. Wengine wote waliokuwa na madeni ya maneno naye wangeweza kukaa nayo mpaka kaburini.

"Kahawa?" akauliza.

"Nitashukuru," Kayla akajibu, ila alikuwa na lake la kusema. "Mzee, nilipokuwa mdogo nikigoma kulala, bibi alikuwa ananiambia, lala, Vondra anakuja."

"Ukawa unalala?"

"Nilikuwa nalala upesi sana."

"Basi kuna kazi niliyoifanya," Lumir akasema, akaenda kuinjika maji.

Sasa ilivyokuwa ni hivi. Ilikuwa Jumanne ya Oktoba, mavuno yamepamba moto. Lumir alikuwa kwenye kombaini, ile mashine ya kuvunia, tangu alfajiri, upande wa mbali wa shamba, kule mtoni. Rosalie, mkewe, alikuwa jikoni anamfungia chakula cha mchana. Janelle, mtoto wao wa pekee, alikuwa amelazwa ghorofani. Mtu akaingia kwa mlango wa jikoni. Yaliyotokea mle siyaelezi, kwa sababu yameelezwa katika kaunti hii mpaka watu wakasahau kwamba Rosalie alikuwa binadamu mwenye miaka ishirini na tisa, aliyekuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa sababu ya pengo la jino, na aliyekuwa hodari wa kuiga sauti ya padri. Mtoto aliamka, akaja kukaa kwenye ngazi ya juu kabisa, akamwona mtu anatoka jikoni. Alimwona kwa nyuma, ana ovaroli ya kahawia na kofia ya njano. Polisi walipomuuliza nani alikuwa na mama, akasema, "Baba alitoka."

Ovaroli ya kahawia na kofia ya njano. Jamani. Mwaka ule wakala wa kampuni ya mbegu aligawa zile kofia bure kama peremende, hata padri alikuwa nayo. Ungesimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa ukaitazama foleni ya wanaume wa Milada kwa nyuma, mumeo usingemjua na wa jirani. Lakini mambo ya migongo nani aliyeyafikiria? Mtoto wa miaka mitano adanganye apate nini, watu wakasema. Na damu iliyokutwa kwenye taulo ya vyombo, ambayo haikuwa ya Rosalie, ilikuwa kundi O, na Lumir naye ni O. Nusu ya kaunti ni O. Hilo nalo hakuna aliyelisema kwa sauti.

Halafu Lumir akajimaliza mwenyewe.

Kwetu mkulima akifiwa wakati wa mavuno haigusi kazi. Majirani huja na kombaini zao bila kuitwa, nane, tisa, wakamvunia shamba kwa siku moja, na wake zao wakapika gerejini kama harusi. Kazi yake yeye ni kukaa kwenye kiti na kupokea mikono ya watu. Rosalie alizikwa Jumamosi, na majirani wakapanga waje Jumatatu. Lumir hakukaa kwenye kiti. Tangu Alhamisi alikuwa juu ya kombaini, peke yake, na alitoka makaburini akaenda moja kwa moja kuiwasha tena. Jumatatu mashine tisa zikajipanga barabarani, zikakuta mabua matupu na Lumir anafagia ghala.

Hapo ndipo tulipomhukumu. Nasema tulipomhukumu, kwa sababu na mimi nilikuwemo. Mtu asiye na neno moyoni angengoja avuniwe, tukasema, na tukageuza mashine zetu tukarudi makwetu na sufuria zetu zikiwa bado moto. Hakuna aliyemuuliza sababu. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo tu. Nyumba yake ilikuwa imezungushwa utepe wa polisi, mtoto amechukuliwa na shemeji yake, na yeye hakuwa na pa kukaa ila kile kiti cha kombaini, ambacho Rosalie alizoea kupanda na kubanana naye jioni akimpa umbea wa siku nzima. Alikuwa anamtafuta mkewe mle. Angewaeleza vipi majirani jambo kama hilo?

Ushahidi haukutosha kumfunga, lakini ulitosha kumnyang'anya mtoto. Bernadine, dada mkubwa wa Rosalie, alikwenda mahakamani kumwomba Janelle. Wakili wa Lumir, mtu mfupi wa kutoka Lincoln, alikuwa na shauri lake. Alitaka dakika kumi na mtoto mbele ya jaji. Angeleta wanaume sita wa ovaroli na kofia za njano, awapange wakimpa mtoto mgongo, amuulize baba ni yupi. "Atasema baba mara sita," wakili akasema. "Kesi itafia pale pale, na utarudi naye nyumbani leo."

"Hapana," Lumir akasema.

"Mzee, utampoteza."

"Hasimamishwi mbele ya watu wazima akaonyeshwa kwamba alikosea siku aliyofiwa na mama yake. Sitaki."

Wakili akamwambia aandike shauri lile na jibu lake kwa mkono wake, atie sahihi, karatasi iwekwe kwenye jalada la kesi, ili kesho asije akalaumiwa. Lumir akaandika, akatia sahihi. Wiki iliyofuata Bernadine akahamia Boise, Idaho, na mtoto akaenda naye.

Kila siku ya kuzaliwa ya Janelle, Lumir alituma barua, na kila barua ilirudi kama ilivyokwenda. Mwaka alioingia miaka kumi na minane, barua haikurudi. Lilikuja jibu, la kwanza na la mwisho, maneno matatu kwenye kadi nyeupe: "Nilikuona. Usiniandikie tena." Lumir akatii. Kuanzia hapo akawa anafanya jambo moja tu. Kila Januari, ukiisha mwaka mpya, alikwenda ofisi ya polisi wa kaunti na kofia mkononi, kuomba ile taulo ya vyombo ipimwe vinasaba, maana siku hizo habari za DNA zilikuwa zimeanza kuvuma. Kila Januari akaambiwa taulo haionekani. Akasema asante, akarudi mwakani.

Ilionekana pale ofisi zilipohamishwa, ndani ya bahasha ya karatasi, nyuma ya makabati ya chumba cha chini. Aliyeiona ni Kayla, ambaye mwaka ule wa mauaji alikuwa hata hajazaliwa. Akaipeleka maabara. Watu wetu wana wazimu wa kutafuta mababu zao Bohemia, ng'ambo ya bahari walikotoka, wanatema mate kwenye vichupa na kuyatuma ili waambiwe babu alitoka kijiji gani. Mwalimu mmoja mstaafu wa Cedar Rapids alikuwa ametema yake, na ile damu ya taulo ikaonyesha udugu naye. Kayla akachora ukoo kwenye meza ya kulia chakula miezi minne, tawi kwa tawi, mpaka akawafikia akina Riha watatu wa Milada. Wawili wamekufa. Wa tatu ni Gaylen, aliyekuwa dereva wa lori la mafuta la ushirika, ambaye Oktoba ile alikuwa akiingia na kutoka kila shamba kujaza matangi, na hakuna mtu anayemwona mleta mafuta. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, ukumbi wa kanisa unapokaanga samaki, Kayla akajitolea kuosha vyombo. Gaylen alikunywa kahawa yake, akatupa kikombe cha karatasi. Kayla akakiokota.

Ndiyo hayo aliyomsimulia Lumir jikoni siku ile. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akamsindikiza hadi garini.

"Akikupigia Janelle," akasema, "mwambie namba yangu ni ile ile."

Habari ikaenea. Kwetu madereva wanapopishana barabarani kila mmoja huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu. Kwa Lumir kidole kile kilikuwa kimekufa tangu 1987, na yeye alikuwa amezoea kupishana na watu wanaotazama mbele kama wamepigwa ganzi ya shingo. Sasa wakawa wanainua mkono mzima, wengine wanapunguza mwendo. Lumir alikuwa anajibu kwa kidole kimoja, kama inavyotakiwa, wala haongezi.

Jumatatu akaja Alvin Sykora, jirani wa upande wa kaskazini, yule aliyekuwa ameziongoza zile kombaini tisa. Mkewe, Delores, alibaki ndani ya pikapu anatazama mbele. Alvin alishika sinia la kolachi, vile vikate vyetu vyenye jamu katikati, limefunikwa kitambaa.

"Njia zina matope," Alvin akasema.

"Zina matope," Lumir akakubali.

"Delores kakutumia hizi. Za aprikoti."

"Naona."

Wakasimama. Alvin akahamisha sinia kutoka mkono huu kwenda huu. "Gaylen tulikuwa tunakaa naye meza moja kila Kwaresima," akasema. "Miaka yote. Ananiambia nipitishie chumvi, nampitishia."

"Mimi hukunipitishia hata maji, Alvin."

"Sikukupitishia."

"Basi ndiyo hivyo."

"Mwaka ule," Alvin akaanza, na uso ukamwiva, "tulipofika na mashine, ungetungoja, Lumir. Ungetungoja tu, pengine tusingesema yale tuliyosema."

"Na wewe ungeniuliza kwa nini sikuwangoja."

Alvin akalifikiria hilo kwa muda. Ni mtu mzito, halifikirii jambo kwa haraka, lakini likimwingia limeingia. "Ningekuuliza," akasema. Akamkabidhi sinia, akashika njia, halafu akarudi hatua mbili. "Mtoto anakuja?"

"Sijui."

"Akija," Alvin akasema, "mimi ndiye niliyemwambia Bernadine amchukue. Mwambie ni mimi."

Lumir akaitazama pikapu ikitoka uani. Aliingia ndani akaweka sinia mezani, karibu na mengine manne yaliyokuwa yameletwa, akakaa akiyatazama. Ungempa kolachi za kaunti nzima usingekuwa umempa kitu. Alimtaka mtoto wake. Alimtaka vibaya, kwa njia ambayo mzee wa umri wake huona haya kuitaja. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila alipojaribu kumfikiria, aliyemjia ni yule mdogo mwenye soksi zisizofanana, anayetaka abebwe mabegani kwenda kuona ndama. Yule ndiye aliyekuwa akimngojea mlangoni miaka yote hii, na alijua fika kwamba huo ni upuuzi.

Jumatano simu ikalia.

"Lumir."

"Shemeji," akasema. Sauti ya Bernadine aliijua papo hapo.

"Sauti yako imezeeka."

"Yako imebaki ya kugombeza."

"Sikupigii kukuomba msamaha," Bernadine akasema. "Sijui nianzie wapi, na nina miaka themanini, nikianza sitamaliza. Nakupigia juu ya Janelle. Usimtegemee, Lumir. Hatakuja."

Lumir akavuta kiti. "Bado ananichukia."

"Laiti angekuwa anakuchukia. Chuki ameizoea, anajua pa kuiweka. Aibu ndiyo inamla. Yuko kwangu hapa, siku ya tano leo, chakula hagusi, kazini haendi. Anasema ni mdomo wake uliokuponza. Namwambia ulikuwa mtoto, anasema mama, mdomo ulikuwa wangu. Anasema nitamtazama vipi usoni."

Janelle alikuwa anamwita Bernadine mama. Neno lilimchoma Lumir, lakini akajikaza kisabuni. Miaka yote alikuwa akitunga siku ambayo Janelle atasimama mbele yake na kusema nilikosea. Aliitamani siku hiyo kama mgonjwa anavyotamani maji. Sasa ilikuwa imekaribia hivi, akaona haitaki tena. Akaona ni siku mbaya, na kwamba alikuwa amekataa isije tangu mtoto akiwa na miaka mitano.

"Mwambie," akasema, akakwama.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie huku theluji imeyeyuka. Njia zinapitika."

"Mungu wangu, Lumir. Miaka thelathini na sita unamtumia habari za barabara."

"Na wewe ulizaliwa huku huku. Utamwelewesha."

Bernadine akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akakata simu.

Kilichomleta Janelle hatimaye hakikuwa barabara. Kayla alihitaji maelezo yake mapya kwa ajili ya kesi, kwamba siku ile aliona mgongo tu na uso hakuuona, na maelezo hayo yalitakiwa yatiwe sahihi mbele ya mwendesha mashtaka. Wiki iliyofuata Kayla akampigia Lumir asubuhi. "Yuko hapa ofisini tangu jana," akasema kwa sauti ya chini. "Ameomba asome jalada lote. Sikuweza kumkatalia, mzee, ni haki yake. Ndege yake ni kesho. Sijui kama atafika huko."

Lumir akanyoa ndevu. Akavaa shati la kwenda misani, akalivua, akavaa la kazi. Alikuwa na maneno aliyoyapanga kwa siku sita, na yalikuwa uongo mtupu. Angemwambia kwamba neno lake halikuwa na uzito wowote. Kwamba jaji hakulisoma, kwamba yote yalitokana na yale mavuno na ukaidi wake yeye Lumir, na watu wa Milada na vichwa vyao vya mbao. Aliyarudia mbele ya kioo mpaka yakatoka bila kukwama. Hakuwa mtu wa uongo, na alijua atakuwa nao mmoja tu wa maana maisha yake yote, basi bora aufanye vizuri.

Saa tisa alasiri gari dogo la kukodi likaingia uani, likazimwa, na aliyekuwemo hakushuka. Lumir alitoka barazani. Akaona akibaki amesimama ataonekana mrefu, akakaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti. Dakika zikapita. Mbwa akaenda akalinusa gurudumu la gari, akarudi.

Halafu mlango ukafunguka. Akashuka mwanamke wa miwani, mwenye mvi mbili tatu pembeni ya uso, koti la mjini lisilofaa upepo wa huku. Alikuwa mtu mzima kuliko Rosalie alivyowahi kuwa. Lumir alimtafuta mle ndani yule wa soksi zisizofanana, akamtafuta kwa pupa, hakumwona. Yule hakuwa anakuja tena. Aliyekuja ni huyu, na huyu alikuwa bado ameushikilia mlango wa gari.

Janelle akasimama hatua chache kutoka ngazini. "Sijui nikuite nani," akasema.

"Lumir linatosha. Ndilo nililobatizwa."

"Nimefika kusema..."

"Subiri kwanza," Lumir akamkatiza, akaanza uongo wake. "Nisikilize. Wewe hukufanya kitu. Neno lako hakuna aliyelishika, mtoto ni mtoto. Ilikuwa yale mavuno. Mimi na ukaidi wangu. Jaji hata hakulisoma lile neno..."

"Nimesoma jalada," Janelle akasema.

Mkono aliokuwa ameuinua akiongea, Lumir akaurudisha gotini.

"Ukurasa wa kwanza kabisa ni mimi. Mtoto anasema baba alitoka. Jaji amelirudia mara saba kwenye hukumu yake, nimehesabu. Ukurasa wa arobaini na mbili ni wewe. Umeandika hasimamishwi mbele ya watu. Umetia sahihi."

Siku sita za mazoezi zikaisha hivyo hivyo. Lumir akatazama mikono yake.

"Kwa nini hukumwachia wakili?" Janelle akauliza, na sasa alikuwa na hasira, hasira ya kweli, ya mtu wa nyumbani. "Dakika kumi. Wanaume sita. Ningerudi hapa nikiwa na miaka mitano. Ningelala kwenye kitanda changu."

"Ungerudi," Lumir akasema. "Lakini ungerudi unajua kwamba mama kafa na baba umemkosea, siku moja. Nilikuona ni mdogo mno kubeba vyote viwili."

"Nimevibeba leo."

"Leo ni mkubwa."

"Si mkubwa. Si kwa hili." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa ikiwa na ukungu vilevile. "Unajua kitu gani kilichonitesa? Watu wanadhani ni kukuchukia. Kukuchukia kulikuwa rahisi. Ni hamu. Nilikuwa na hamu na wewe. Shuleni, siku ya harusi yangu, hospitalini nikijifungua, nilikuwa nakutaka wewe, na kila nikikutaka najiona mchafu, namlilia mtu aliyemuua mama yangu. Basi nikawa na dawa yangu. Hamu ikija naukumbuka ule mgongo. Ovaroli, kofia, mlango unafunguka. Naurudia na kuurudia mpaka hamu inatoka. Nimeurudia sana mpaka mengine yote yamefutika. Uso wako sikuwa nao. Sauti yako sikuwa nayo mpaka sasa hivi uliposema Lumir linatosha." Akashusha pumzi. "Cha baba yangu nilichobaki nacho ni mgongo tu. Na kumbe haukuwa hata wako."

Lumir alikuwa na mengi aliyotaka kulilia, na machozi yalikuwa yamefika, lakini akaona akilia ataziba uso kwa mikono. Akayaacha yashuke yenyewe, mikono akaikalisha pale pale magotini.

"Usiniombe radhi," akasema. "Sitaki radhi. Njoo ukae hapa uniangalie."

Janelle akapanda, akakaa kwenye ngazi ya chini yake, akageuka. Akamwangalia paji la uso, nyusi, kovu la kidevuni pale ndama alipompiga teke, macho, akarudi tena juu akaanza upya. Alichukua muda mrefu sana. Lumir, ambaye kwa miaka thelathini na sita alikuwa amezoea kuinamisha kichwa mbele za watu, hakukiinamisha.